Mama anakula kwa watatu na bado anakonda: njaa ya kisukari inatoka wapi?

*Swali:* Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 62, tunaishi naye Morogoro. Huu ni mwaka wa sita ana sukari, anatumia glibenklamaidi na metifomini. Miezi hii mitatu anakula kuliko vijana wote wa nyumbani, saa mbili hazijapita anaomba tena, na bado anakonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili. Jioni mashine inasoma 17 hadi 19, asubuhi kabla ya chai 13. Halafu siku nyingine, mnamo saa nne asubuhi akiwa bustanini, anatetemeka, jasho linamtoka, anasema njaa inamkata. Tunampa soda, anatulia. Kaka zangu wanasema ni ulafi wa uzeeni na wanataka tufunge kabati la chakula kwa kufuli. Je, ni ulafi? Na tufunge?

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Nitajibu kwa urefu, maana kuna sehemu itabidi uwasomee kaka zako kwa sauti.

Neno "ulafi" nalisikia kliniki karibu kila wiki, na mara nyingi anayesemwa ni mtu ambaye sukari yake imepanda kwa miezi na hakuna aliyeishusha. Mama yako ana njaa mbili. Ya jioni na ya saa nne asubuhi zinafanana machoni pa mtu anayetazama, lakini zinatoka kwenye hali tofauti kabisa za mwili, na dawa ya moja ni hatari kwa nyingine.

Tuanze na mahali njaa inapotengenezwa. Tumbo linanguruma tu. Anayeamua ni ubongo. Chini kabisa ya ubongo, katikati, kuna kisehemu kidogo kama punje ya lozi kinachoitwa haipothalamasi. Humo mna makundi mawili ya seli za neva yanayovutana kutwa nzima: moja linamsukuma mtu ale, jingine linamwambia ameshiba. Watafiti walipolichochea kundi la kwanza kwenye panya walioshiba, panya wale walirudi kula ndani ya dakika chache kana kwamba hawajaona chakula tangu jana. Walipoliharibu kundi hilohilo kwenye panya wakubwa, panya waliacha kula, chakula kikiwa mbele yao, wakawa wanakufa njaa. Panya hana tabia mbaya wala malezi mabovu ya kulaumiwa. Seli ziliwashwa, akala, zikaondolewa, akaacha.

Seli hizo zinajuaje kama mwili una akiba? Zinasoma homoni zinazopita kwenye damu. Kubwa kwa habari yetu ni mbili. Ya kwanza ni insulini, ambayo wengi wanaijua kwa kushusha sukari tu, lakini inapofika kwenye haipothalamasi inatuliza hamu ya kula. Ya pili ni leptini, inayotoka kwenye mafuta ya mwili. Mafuta yakiwa mengi leptini inapanda. Yakipungua inashuka, na inashuka haraka kuliko mafuta yenyewe yanavyoisha.

Leptini ina kisa ninachokipenda. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye maabara ya Jackson huko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, mtafiti Douglas Coleman alikuwa na panya wanene, wenye kisukari, wasioshiba. Alimuunganisha mmoja wao ubavuni na panya wa kawaida ili damu zao zichanganyike. Kilichotokea kilimshangaza: panya wa kawaida ndiye aliyeacha kula, akakonda, akafa. Yule mnene akaendelea kula kama kawaida yake. Coleman akasema damu ya huyu mnene imejaa kitu kinachosema "umeshiba", ila mwenyewe hakisikii; jirani yake alikisikia mpaka kikamuua. Kitu hicho kilikuja kupatikana mwaka 1994, pale Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipoipata jeni yake, na homoni ikapewa jina la leptini. Ndiyo maana mtu mwenye kitambi kikubwa anaweza kuwa na leptini tele na bado akawa na njaa. Ujumbe upo, ubongo ndio umekuwa mzito wa kusikia.

Mama yako ana shida ya upande wa pili. Kwake ujumbe wenyewe umepungua.

Pengine kliniki mmeambiwa kwamba kwenye kisukari "seli zina njaa katikati ya shibe": sukari imejaa damuni, insulini haitoshi kuiingiza kwenye seli, kwa hiyo mtu anasikia njaa. Nami nimewahi kuwaelezea wagonjwa hivyo, kwa sababu inaeleweka upesi. Lakini ni nusu ya ukweli. Misuli na mafuta ndiyo yanayohitaji insulini ili kuchukua sukari. Ubongo hauhitaji, unajichukulia wenyewe. Mashine inaposoma 19, ubongo wa mama hauna upungufu wowote wa sukari. Njaa anayoisikia inakuja kwa sababu insulini imepungua nguvu, mafuta yake yanayeyuka, na leptini imeanguka pamoja nayo. Haipothalamasi inasoma hali hiyo na kutangaza baa la njaa.

Hili lilipimwa. Mwaka 1999 kulichapishwa utafiti wa panya walioharibiwa seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Panya hao walikula kupita kiasi, kama mama. Waliporudishiwa leptini kwa kiwango cha kawaida, ulaji ule ulipungua sana, ingawa kisukari chao kilikuwa palepale. Kwa hiyo sukari nyingi damuni peke yake haielezi njaa hii. Kinachoisukuma zaidi ni kukosekana kwa homoni zinazosema "akiba ipo".

Kuna homoni nyingine isiyotajwa sana, amilini. Inatengenezwa na seli zilezile za kongosho zinazotengeneza insulini, na zinatoka pamoja kila mtu anapokula. Kazi yake ni kupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni na kuuambia ubongo kwamba kinatosha. Kongosho likichoka, na baada ya miaka sita linaweza kuwa limechoka, zinapungua zote mbili. Mtu anamaliza sahani na ile hisia ya "alhamdulillahi, basi" haiji.

Sasa kukonda. Figo zinarudisha sukari damuni mpaka ifike kiwango cha 10 hivi kwenye mashine mnayotumia. Ikizidi hapo, inamwagika kwenye mkojo. Wazee wetu waliujua ugonjwa huu kwa kuona sisimizi wamejipanga pale mtu alipokojoa. Tuseme mama anapoteza gramu 100 za sukari kwa siku, kiasi ambacho mtu mwenye 17 na 19 anaweza kukifikia bila shida. Kila gramu ni kilokalori 4, jumla 400. Ni mlo mmoja, ugali na mboga yake, unaopita mwilini na kuishia chooni bila kumfaa chochote. Kaka zako wanaona anachoingiza. Hawaoni kinachotoka.

Halafu mkojo huo unamwamsha usiku. Hukuandika, lakini nina hakika anaamka mara tatu au nne. Usingizi uliokatikakatika nao unaongeza njaa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana 12 wenye afya, wakawalaza saa 4 tu kwa usiku mbili. Wakilinganishwa na walipolala vya kutosha, leptini yao ilishuka kwa asilimia 18, na grelini, homoni ya tumboni inayoamsha hamu ya kula, ikapanda kwa asilimia 28. Hao walikuwa vijana wazima, na ni usiku mbili tu. Mama ana miezi mitatu.

Kwa hiyo njaa ya jioni haitibiwi kwa kumnyima chakula. Ukimnyima, leptini inashuka zaidi na ubongo unapiga kelele zaidi. Inatibiwa kwa kushusha sukari. Ikirudi chini ya 10 kwa muda mwingi wa siku, inaacha kumwagika, usingizi unarudi, mwili unaanza tena kuweka akiba, na wagonjwa wengi huniambia ndani ya wiki chache kwamba wanashangaa kubakiza chakula. Mzee mmoja mvuvi aliniletea habari hiyo kwa namna yake: alisema mkewe amemshuku ana nyumba nyingine, kwa sababu anarudi jioni na kuacha nusu ya wali.

Twende kwenye saa nne asubuhi, maana hii ndiyo inayonitia wasiwasi.

Glibenklamaidi inalikamua kongosho litoe insulini, iwe mtu amekula au hajala. Nadhani mama anameza kidonge saa 12 asubuhi, anakunywa chai ya rangi, anaenda bustanini kupalilia. Jembe linakula sukari, kidonge kinashusha sukari, tumboni hamna kitu. Ikifika saa nne sukari inaweza kuwa imeanguka chini ya 4. Hapo ubongo, ambao kweli unategemea sukari ya damu dakika kwa dakika, unapiga kengele: adrenalini inamwagwa, moyo unakwenda mbio, jasho, mtetemo, na njaa kali isiyo na subira. Njaa hii haina uhusiano na leptini. Ni ya dharura, na hapo tafsiri ya "seli zina njaa" ni kweli tupu.

Lakini kuna uwezekano mwingine. Ubongo uliozoea kuishi na sukari ya 15 na 18 kwa miezi unaichukulia hiyo kuwa ndiyo kawaida. Sukari ikishuka hadi 7 tu, kiwango kizuri kabisa, unapiga kengele ileile, jasho na kutetemeka vilevile. Kwa kumtazama mama huwezi kujua ni ipi. Ni mashine tu inayoweza kukuambia, ndiyo maana nimesikitika kidogo kuona mmempima jioni na asubuhi, ila hamjampima hata mara moja akiwa anatetemeka. Mashine iende naye bustanini, kwenye mfuko wa kanga.

Ikisoma chini ya 4, mpeni nusu chupa ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Subirini dakika 15, pimeni tena. Kama bado iko chini, rudieni. Ikipanda, ale chakula, kwa sababu glibenklamaidi inaendelea kufanya kazi saa nyingi na inaweza kumshusha tena. Chupa nzima ya soda kila mara ndiyo mojawapo ya njia zinazoifikisha jioni kwenye 19. Ikisoma 6, 7 au 8, hahitaji soda. Akae kivulini, ale kitu kidogo kama yai au kiganja cha karanga, na kengele hiyo itazoea kulia chini zaidi kadiri sukari inavyotulia. Mashine ikiwa haipo au vijiti vimeisha, hesabuni kuwa imeshuka na mpeni sukari. Kosa la upande huo ni dogo. Akizimia au akachanganyikiwa asiweze kumeza, msimwekee kitu mdomoni, mpelekeni hospitali mara moja.

Na hapa nisijizuie. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya dawa muhimu, limeandika kwamba glibenklamaidi haiwafai watu waliozidi miaka 60, kwa sababu ya hatari hii hii ya kushusha sukari kupita kiasi, hasa figo zikiwa zimeanza kuchoka. Mama ana 62. Bado naiona dawa hiyo mikononi mwa wazee kila siku kwa kuwa ni ya bei nafuu na imezoeleka. Msimwachishe wenyewe nyumbani, lakini wiki hii arudi kliniki, na muulize wazi: je, anaweza kubadilishiwa gliklazaidi, au wakati wa insulini umefika? Mpaka hapo, kidonge na chai ya rangi peke yake havikai pamoja. Ameze akiwa na chakula mbele yake.

Kliniki waombeni pia kipimo cha sukari cha miezi mitatu, yaani HbA1c, na kipimo cha figo. Kama ana kikohozi cha zaidi ya wiki mbili au homa za jioni, apimwe kifua kikuu. Kisukari kinaongeza hatari ya kukipata mara mbili hadi tatu, na kukonda kwake kusichukuliwe kirahisi kuwa ni sukari tu. Tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi nayo inaleta njaa na kukonda kwa pamoja. Daktari atamgusa shingo na kuamua.

Akianzishiwa insulini, mjiandae kwa maneno mapya. Ataongezeka uzito, na kaka zako watasema sindano inanenepesha. Kwa sehemu kubwa ni zile kilokalori zilizokuwa zikienda chooni, sasa zinabaki mwilini. Kilo za kwanza ni deni linalolipwa. Zikizidi hapo ndipo tunazungumzia kiasi cha ugali.

Kuhusu sahani yenyewe, sitawapa orodha ya vyakula vilivyoharamishwa. Mnazo za kutosha ukutani kliniki. Nitasema jambo moja tu, la mpangilio. Mwishoni mwa utumbo mwembamba na kwenye utumbo mpana kuna seli zinazotoa homoni iitwayo GLP-1. Inaliamsha kongosho, inachelewesha chakula tumboni na kuuambia ubongo utosheke. Ikitoka, ndani ya dakika mbili hivi nusu yake imeshavunjwa, kwa hiyo inabidi itolewe mfululizo ili mtu aisikie. Protini, mafuta na nyuzinyuzi zinaichochea vizuri. Basi mama aanze na mchicha na maharage, au dagaa, ale taratibu, kisha ndipo aguse ugali, na ugali huo uwe wa dona. Chakula ni kilekile, kilichobadilika ni foleni tu, na sukari baada ya kula hupanda kidogo kuliko akianza na ugali. Juisi ya embe, hata ikiwa ya kusagwa nyumbani bila sukari, inapita foleni yote hiyo mbio. Embe lenyewe, kipande, ni afadhali.

Mtu atawaambia kuhusu sindano za kupunguza hamu ya kula. Zinaiga GLP-1 hiyohiyo. Kuzigundua kulisaidiwa na mate yenye sumu ya mjusi wa jangwani huko Marekani, aitwaye Gila, ambaye hula mara chache sana kwa mwaka. Daktari John Eng alipata humo kitu kinachofanana na GLP-1 lakini kisichovunjika upesi, na dawa ya kwanza ikaruhusiwa Marekani mwaka 2005. Za siku hizi, kama semaglutaidi, zinachomwa mara moja kwa wiki. Ni dawa nzuri kwa mwenye kisukari na uzito mkubwa. Kwa mama anayekonda, sasa hivi sizitaki. Na zinazouzwa mitandaoni kwa bei ya kutupa msiziguse: mwezi wa sita 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutaidi bandia.

Kitu kimoja zaidi kabla ya kabati. Siku mama aliyekuwa anakula kwa watatu akikataa chakula ghafla, akatapika, tumbo likamuuma, akapumua kwa kina na kwa haraka, pumzi ikanuka kama tunda lililoiva mno, msifurahi kwamba njaa imekatika. Sukari ikiwa juu sana na insulini ikikaribia kuisha, mwili unachoma mafuta hovyo na damu inakuwa na asidi, na asidi hiyo inaua hamu ya kula. Hospitali usiku uleule, msingoje kukuche.

Kabati msifunge. Saa nne asubuhi mtu anayetetemeka hawezi kutafuta ufunguo, na mwenye ufunguo anaweza kuwa kazini. Kama kaka yako tayari ameshanunua kufuli, liwekeni kwenye lango la bustani. Juu ya kabati, mahali mama anapofika bila kunyanyua mkono sana, wekeni kopo la sukari lenye kijiko ndani, na kila mtu nyumbani, hata mtoto wa darasa la pili, ajue ni la nini.